Wagonjwa Walioteuliwa na Kamati

Mama mwenzangu, mtoto wako akianza kupumua kwa shida, ukaona ngozi inazama katikati ya mbavu kila anapovuta pumzi, usikae barazani kungoja kamati. Mimi nilikaa. Nilikaa kwa adabu, kanga nimejifunga vizuri, mtoto nimempakata, na kila mkubwa aliyepita nilimwamkia. Adabu ile nusura iniulie mwanangu.

Ilikuwa mwaka 1954, mvua za masika. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wameshaondoka Nachingwea, wametuachia barabara pana zinazoingia porini zisifike popote, matrekta yaliyoota majani, na majengo mengi ya mabati. Jengo moja refu, lililokuwa ghala la mbegu, wakubwa wa mji waliligeuza kuwa zahanati yenye chumba cha kulaza wagonjwa. Ndani mlikuwa na vitanda sita vya chuma, magodoro mapya, shuka nyeupe na vyandarua. Ruangwa, tuliambiwa, walikuwa na vitanda viwili tu. Habari hiyo ya vitanda viwili vya Ruangwa ilitajwa katika kila mkutano, hata mkutano ukiwa wa kuzungumzia mbwa wasio na wenyewe.

Mwanangu Sabaha alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Baba yake, Shaibu, alikuwa Lindi kwenye mashamba ya mkonge, na mimi nilikaa na mtoto kwenye nyumba za nyuma ya soko. Alinyeshewa na mvua mgongoni mwangu tukitoka shamba, usiku akashikwa na homa, na asubuhi akawa anapumua kama mtu aliyekimbia. Nikampeleka kwa Dastani, dresa wa zahanati. Akamwekea sikio mgongoni, akasikiliza, akasema:

“Kichomi hiki, Mama Sabaha. Mtoto anatakiwa alazwe, apigwe sindano asubuhi na jioni.”

“Basi mlaze, bwana dresa.”

“Haiwezekani. Chumba hakijafunguliwa.”

Nikatazama. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kabisa, kuku wa jirani anatoka.

“Mbona naona vitanda?”

“Unaviona, lakini bado. Bwana Mkubwa wa Afya lazima aje kutoka Lindi kukata utepe. Kamati imetunga sheria: hakuna mtu kulala katika kitanda cha ustawi kabla ya utepe kukatwa.”

“Na sindano?”

“Sindano ni za waliolazwa. Walioko nje ni vidonge.”

Akanipa vidonge. Halafu, kwa sababu si mtu mbaya, ni mwoga tu, akaninong’oneza: “Kaa hapa barazani, usiende mbali. Bwana Mkubwa yuko njiani. Utepe ukikatwa tu, wewe wa kwanza.”

Nilifikiria kumpeleka Mnero kwa masista wa misheni, lakini mvua ilikuwa imebeba daraja la njia ile. Nikakaa barazani.

Mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Ustawi alikuwa Bwana Abdala, mtu wa tarabushi nyekundu na kikohozi cha kuanzia hotuba. Alipofika kukagua chokaa nilimpigia magoti, nikamweleza hali ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitia matumaini.

“Mama,” akasema, “sheria hii tumeitunga kwa ajili ya kuwalinda ninyi wagonjwa. Fikiri mwenyewe. Mgonjwa akilazwa kabla ya ufunguzi, kwa bahati mbaya akafa, atakuwa amekufa kinyume cha sheria. Unataka mwanao aingie katika matatizo hayo?”

Nikasema sitaki. Na kweli, kwa muda kidogo nikamwona ana huruma.

Siku hiyo hiyo kamati ilikutana pale pale barazani, kwa kuwa ofisi yao ilikuwa inavuja. Mimi nilikuwa kwenye kona, mtoto anaungua mikononi, na mbele yangu wakubwa wanaketi mezani kujadili afya.

Karani wa kamati, Ignasi, kijana wa koti na kalamu mbili mfukoni, ndiye aliyeanza. “Bwana Mwenyekiti, mgeni akikuta vitanda vitupu atauliza kwa nini tuliviomba. Lazima akute wagonjwa.”

“Wagonjwa tunao,” akasema Dastani, akatupa macho upande wangu. “Yule pale ana mtoto wa kichomi.”

Bwana Abdala akageuka, akatutazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini.

“Yule mtoto analia?”

“Halii. Hana nguvu za kulia.”

“Akizipata katikati ya hotuba je? Mimi nawajua wagonjwa. Mgonjwa wa kweli ana fujo. Atakohoa mgeni anaposema, atatapika juu ya shuka. Na pengine atasema.”

“Atasema nini?” akauliza Ignasi.

“Ndiyo hilo! Hatujui atasema nini.”

Nikaona hofu imewaingia, hofu kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo mimi.

“Basi tutafute wagonjwa wa kuaminika,” akasema Ignasi. “Watu wenye afya njema, wasafi, wanaojua kulala.”

Hoja ikapita bila mpingaji. Ugomvi ulianza katika kugawana vitanda, kwa maana kila anayelala angepata fulana mpya na chakula cha mchana cha wali na kuku. Kila mjumbe akaleta ndugu yake. Bwana Abdala akampa shemeji yake, Bashiri, kitanda cha karibu na mlango, mahali ambapo mgeni angesimama kwanza. Huyu Bashiri alikuwa na shingo nene na mashavu yanayong’aa. Akipita mtaani watoto walikuwa wakiuliza kama leo kuna sherehe.

Kisha wakagawana maradhi. Wote walitaka malaria, kwa sababu ni ugonjwa wa heshima.

“Hawawezi wote kuwa na malaria,” akasema Ignasi. “Mgeni atasema hatuna bidii ya kuua mbu. Wewe, Bashiri, chukua kuhara.”

“Kuhara sichukui,” akasema Bashiri, aliyekuwa amekuja kujaribu godoro. “Mimi natafuta mchumba. Nikisemwa mjini nahara, nani atanipa binti yake?”

“Basi upele.”

“Upele umpe ndugu yako!”

“Mwacheni shemeji,” akasema Bwana Abdala. “Apewe kichomi. Ni ugonjwa wa kifua, unamfaa mwanamume.”

Basi Bashiri akapewa kichomi, ugonjwa wa mwanangu, na kitanda cha kuuguzia, wakati mwenye kichomi chake amelala juu ya mapaja yangu midomo imeanza kugeuka rangi. Nilijiambia hawa ni watu waliosoma, mimi niliishia darasa la nne, huenda wanaona mbele. Tafadhali usijiambie hivyo.

Aliyenipa uji siku zile alikuwa Teodosia. Ni Mngoni, alikuja Nachingwea enzi za karanga kuwapikia madereva wa matrekta, na karanga ziliposhindikana yeye alibaki, akauza uji na mihogo ya kuchemsha kwenye kituo cha malori. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, tangu vita vyao vya zamani. Teodosia hakuwahi kunisalimia bila tusi.

“Wewe Mmwera, bado umekaa tu hapa? Babu yangu alipomfukuza babu yako, huyo babu yako alikimbia mpaka akaangusha viatu ambavyo hakuwa navyo. Wewe hata kukimbia umesahau?”

“Niache, mtani. Mtoto ana hali mbaya.”

Akamgusa Sabaha kifuani, na uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ya chini, “Nani amekataa?” Nikamweleza yote: utepe, sheria, fulana, kichomi cha Bashiri. Alinisikiliza akikoroga uji, mara akaacha kukoroga.

“Bashiri huyu shemeji yake Abdala? Mmwera?”

“Mmwera, kama mimi.”

“Aa,” akasema. “Basi na yeye ni mtani wangu.” Akabeba sufuria lake akaenda zake.

Kwa asiyejua desturi zetu, niseme hivi: mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, na wewe unacheka. Na kwenye msiba ndiyo zaidi. Mtu akifa, watani wake wanakuja kumwiga alivyokuwa akitembea, wanazuia jeneza, wanalala kwenye kitanda cha marehemu na kuchukua shuka yake mpaka wabembelezwe. Mfiwa anayewakasirikia amejivua nguo mwenyewe. Hata jumbe hana la kufanya.

Siku ya ufunguzi mji mzima ulifika. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, watoto wa shule wakaimba, na Bwana Mkubwa wa Afya akashuka kwenye Landrova yenye makasha ya dawa nyuma. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, daktari. Bwana Abdala alikohoa, akahutubia juu ya vitanda sita, akataja vitanda viwili vya Ruangwa, akahutubia tena. Mimi nilisimama jirani na mlango na mtoto begani. Mgambo akaniambia nisogee nyuma, wagonjwa wasionekane.

Hotuba ilipokwisha, utepe ukakatwa. Nikasogea mlangoni, kwa kuwa niliahidiwa kuwa wa kwanza. Dastani akanitazama, kisha akatazama chini.

Ndani walilala wale sita, shuka mpaka kidevuni, fulana nyeupe, nyuso zimepakwa mafuta. Mgeni akasimama kwenye kitanda cha kwanza. Ignasi akatafsiri: “Huyu ana kichomi, alikuja taabani.” Bashiri akafumba macho, akakoroma kidogo kama alivyofundishwa, na mkoromo ukamnogea akazidisha. Nadhani wali ulikuwa umeshapanda kichwani. Haikupita dakika akawa amelala kweli.

Hapo ndipo tukasikia kilio nje.

“Yooo! Yooo! Mtani wangu! Mmemuua mtani wangu!”

Teodosia akapita katikati ya mgambo kama trekta, majivu usoni, kanga kaifunga kiunoni kwa msiba. Akaanguka juu ya miguu ya Bashiri.

“Bashiri wangu! Amekufa kijana hivi, bado shingo ina mafuta! Nani atakula kuku wa mjini sasa? Kuku wote wa Nachingwea watalala salama!”

Bashiri akafumbua macho. Alitaka kuinuka, lakini Bwana Abdala akamkodolea jicho: mgonjwa taabani hainuki. Akayafumba tena.

“Mmeona? Macho yamegeuka! Amekata roho!” akalia Teodosia. “Shuka ya marehemu ni yangu!” Akaivuta. Bashiri akaishika upande wake. Wakavutana.

“Anasema nini huyu mwanamke?” mgeni akauliza kwa lugha yake; kwa ishara zake tu tulielewa.

Ignasi alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kola. Akatafsiri kitu kirefu. Baadaye Dastani, anayejua Kiingereza kidogo, aliniambia Ignasi alisema kwamba mama huyu anaishukuru serikali kwa niaba ya wanawake wa wilaya nzima. Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima, akampigia makofi Teodosia, na ikabidi kamati yote ipige makofi.

“Makofi kwenye msiba! Asanteni!” Teodosia akasema. “Sasa tuhakikishe. Wamwera hawa ni wajanja, wanaweza kujifanya wafu ili wasilipe deni la babu. Dawa yake naijua. Leteni panya wa kuchoma! Mmwera asipoamka kwa harufu ya panya, kitoweo chao, huyo amekufa, mzikeni!”

Watu madirishani wakaangua kicheko. Bwana Abdala naye akacheka, ikabidi, meno yameumana, tarabushi inatetemeka. Teodosia akaingiza vidole chini ya kwapa la marehemu, akaanza kumwosha maiti kwa kumtekenya.

Bashiri alijitahidi. Namsifu, alijitahidi. Mashavu yalivimba, machozi yakamtoka, mara kicheko kikampasuka, akaruka kitandani na fulana yake mpya, akapita dirishani mzima mzima, akakimbia kuelekea sokoni. Sijapata kuona mwenye kichomi anayekimbia vile.

Bwana Mkubwa akatazama dirisha, akamtazama Ignasi.

“Amepona,” akasema Ignasi kwa lugha ya mgeni. Hilo hata sisi tulilielewa.

“Kitanda cha marehemu ni changu!” akapiga kelele Teodosia. “Na mimi namrithisha mtani wangu mdogo!” Kabla sijajua, alinishika mkono akanivuta ndani, akamchukua Sabaha begani kwangu akamlaza pale, palipo bado na joto la Bashiri.

Bwana Abdala akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta sheria. Lakini utepe ulikuwa umekatwa, na mgeni alikuwa ameshainama. Mzungu yule alisikia pumzi moja tu ya mwanangu, uso wake ukageuka kabisa. Akafungua kanga, akatazama kifua, akatoa mpira wake wa kusikilizia, halafu akamkaripia Dastani maneno mafupi. Dastani akakimbia kuleta sindano. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mtoto wangu alikuwa amebakiwa na nguvu za kulia, maana alilia. Mwenzangu, sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Ungedhani hadithi imekwisha. Na mimi nilidhani.

Bwana Mkubwa akavipitia vitanda vingine. Akawashika mapigo ya damu mmoja mmoja, akawatazama ulimi. Wenye malaria waling’aa. Mwenye kuhara, aliyepatikana dakika ya mwisho, akamwomba Dastani wali wa pili. Kisha mgeni akatoka nje, akasimama mbele ya watu, akasema, na Ignasi safari hii ikabidi atafsiri sawasawa kwa sababu mwalimu wa shule alikuwa karibu anasikiliza:

“Nimetembea Jimbo la Kusini lote, sijaona wagonjwa wenye afya kama wa Nachingwea. Wengine wanapona mbele ya macho yangu. Naipongeza kamati. Makasha ya dawa niliyoleta ni wazi hamna haja nayo. Nitayapeleka Ruangwa, ambako watu bado wanaumwa.”

Mpaka leo sijui kama mtu yule alikuwa mjinga kuliko sisi au mjanja kuliko sisi. Akapanda Landrova na makasha yake akaondoka. Bwana Abdala aliipigia saluti mpaka ikapotea, kisha akakaa juu ya jiwe la chokaa, kanzu ikachafuka.

Kesho yake kamati ilikutana kwa dharura. Hawakujadili dawa. Walitunga sheria mpya: utani ni marufuku ndani ya uwanja wa zahanati, na Mngoni yeyote akitaka kuingia aeleze kwanza anaumwa nini. Dastani alinieleza maneno ya kibao cha sheria hiyo kilichobandikwa mlangoni, huku akimdunga Sabaha. Halafu akanionyesha kichupa cha dawa.

“Hiki ndicho cha mwisho, Mama Sabaha; Bwana Mkubwa alidhani tunavyo vingine. Na mtoto bado. Akikatiza sasa, kichomi kitarudi na nguvu mpya.”

“Nyingine ziko wapi?”

Alielekeza kidevu upande wa Ruangwa.

Safari hii sikumpigia magoti mtu. Teodosia aliongea na dereva wa lori la Mhindi lililokuwa likipeleka Ruangwa chumvi na mafuta ya taa, akamtukana mpaka akatupa nafasi ya mbele. Njia ilikuwa tope, tulisukuma mara nyingi, na kila lori lilipozama niliweka kiganja kifuani mwa Sabaha nikasahau kuvuta pumzi yangu mwenyewe.

Ruangwa vitanda vilikuwa vimejaa watu wanaoumwa kweli. Tulipewa mkeka sakafuni. Dresa wao alipiga magoti kwenye saruji kumdunga mwanangu, kwa dawa iliyoandikwa Nachingwea juu ya kasha. Alidungwa asubuhi na jioni, na homa ikashuka polepole. Akaomba uji. Akamng’ata dresa. Nikajua anarudi.

Tulikuwa tukingoja kuruhusiwa alipokuja Ignasi. Koti lilikuwa na tope mpaka mabegani, lakini kalamu zote mbili zilikuwepo. Nilidhani amekuja kumjulia hali mtoto.

“Mama Sabaha,” akasema, “kamati imenituma. Kuna jambo zito. Huyu mtoto alilazwa kwetu, mbele ya Bwana Mkubwa. Ni mgonjwa wetu. Sasa Ruangwa wakimponya, Nachingwea tutaonekanaje?”

“Kwani mnataka nini, bwana karani?”

“Arudi. Arudi apone kwetu. Lori linaondoka sasa hivi, na Bwana Mwenyekiti mwenyewe amesema utapewa kitanda cha karibu na mlango, na fulana.”

“Dawa mmepata?”

“Dawa zitaombwa. Kamati itakaa.”

“Itakaa lini?”

“Ndiyo maana nakwambia ufanye haraka, mama!” Akainama kushika ncha ya mkeka, kana kwamba atauvuta na mtoto juu yake, na sauti yake ikapanda mpaka wagonjwa wakageuka. “Hili ni suala la heshima ya mji!”

Nikaukanyaga mkeka kwa miguu yote miwili. Nikamwambia ateremshe sauti, mtoto amelala.